Kwa Mikono Miwili

Gaudensi amezikwa Laela, baridi ikianza, na mkono wake wa kulia haukuwamo kaburini. Ulimtangulia zaidi ya miaka arobaini. Sijui waliufukia wapi, wala kama waliufukia. Mwaka ule hakuna aliyewaza kuuliza, na sasa hakuna aliyebaki wa kuulizwa. Mkewe, Yustina, alinipigia simu asubuhi nikiwa nakunywa uji, akasema tu, "Shemeji, mwenzako amepumzika," nami nikajibu "Haya," kama mtu aliyeambiwa basi limechelewa. Kisha nikamaliza uji. Nasema hivyo kwa sababu wanangu hudhani mzee akipata habari ya msiba huanguka chini. Nilimaliza uji, nikaosha bakuli, nikatafuta koti langu la baridi, na nilipoinama kufunga kamba za viatu ndipo nikashindwa kuinuka.

Basi la kutoka Sumbawanga lilitushusha pale Laela kwenye maghala ya mahindi, na macho yangu yakamtafuta getini. Ghala la mwisho kulia alililinda kwa miaka mingi, amekaa juu ya kreti, koti limefungwa hadi shingoni, mkono wa kulia wa koti umekunjwa na kubanwa kwa pini. Alikuwa mlinzi pekee niliyemjua asiyeshika rungu wala fimbo. Wenye ghala walilalamika, yeye akawajibu kuwa mbwa wanatosha. Sasa kwenye kreti ile alikaa kijana mwingine, anachezea simu, na rungu lake limeegemea ukuta. Nikampita bila kumsalimia, jambo ambalo si tabia yangu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule uliofuata watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Sitaeleza ukoo wangu. Haukuchangia kitu katika haya. Inatosha kusema nilikuwa kijana, najifunza useremala kwenye karakana ya misheni Sumbawanga mjini, na nilipanga chumba kwa Mama Tumaini, mwanamke wa Mbeya ambaye mumewe alikuwa karani katika ofisi za wilaya. Chumba nilikipanga pamoja na Gaudensi. Tulilala kitanda kimoja cha kamba, yeye upande wa ukutani kwa kuwa aliona baridi kuliko mimi, na asubuhi tuligombania maji ya moto kama mke na mume waliochokana. Ukuta uliotutenga na sebule ulikuwa wa mbao na haukufika darini, kwa hiyo maneno ya wenye nyumba tuliyapata yote, pamoja na yale ambayo hayakutuhusu. Sukari ilikuwa ya foleni. Mama Tumaini alitia chumvi kidogo kwenye chai na kutuambia kwao ndivyo wanavyokunywa watu wa heshima. Jioni ulikuwa ugali wa ulezi, mweusi, na maharage; Ijumaa ikitokea bahati, dagaa. Gaudensi alikula polepole na kila alipompokeza Mama Tumaini sahani alitoa kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, ndivyo alivyolelewa na mama yake kijijini. Mama Tumaini alikuwa akinitazama mimi na kusema, "Na wewe Sirilo, mwenzako umemwona?"

Mikono ile ilikuwa ndiyo mali yake yote. Akimaliza kupiga randa ubao alifumba macho, akapitisha kiganja juu yake mara moja, akasema, "Hapa bado," na ukiweka rula unakuta kweli hapo bado. Sisi wengine tulipima, yeye alipapasa. Misheni ilikuwa imeahidi kumpeleka mwanafunzi mmoja chuo cha ufundi Dar es Salaam mwaka ukiisha, arudi kuwa mwalimu wa karakana, na hakuna aliyejisumbua kujiuliza ni nani. Mama yake, mjane, alikuwa amehamishiwa kijiji kipya upande huu wa Laela, katika kibanda cha nyasi kilichopangwa mstari mmoja na vingine. Gaudensi alikwisha kumchorea nyumba. Mchoro ule aliubandika juu ya kitanda chetu: vyumba vitatu, paa la bati, na mlango wenye maua ya kuchonga ambao nilimwambia mama yake hatauelewa. Akasema, "Ataupapasa."

Mwalimu wetu wa karakana aliletwa na misheni kutoka Ufilipino. Jina lake alitutajia refu, tukashika kipande, tukamwita Bwana Isko. Mjini walimwita Mchina, na kila alipowaambia siyo, walimjibu "Ndiyo, Mchina," kwa upole. Alikuwa mfupi, mkavu, mtu wa sala nyingi na maneno machache, Kiswahili chake amekijengea kwenye mbao na misumari. Wiki za mwanzo hatukumjua zaidi ya hapo. Kisha alasiri moja tulirudi kuchukua jaketi la Gaudensi lililosahauliwa, tukasikia nyuma ya karakana mlio kama wa watu wanaopura ulezi. Tukachungulia. Bwana Isko alikuwa amening'iniza tairi bovu kwenye mti, ana fimbo fupi mbili, moja kila mkono, na analipiga tairi lile kwa namna ambayo fimbo zilipishana bila kugongana, juu, chini, kushoto, kulia, uso wake umelowa. Nilidhani ni jasho. Alipotuona aliacha, akajifuta, akatutazama muda mrefu. Akasema, "Tairi hairudishi. Hii kitu ni ya watu wawili." Halafu akamrushia Gaudensi fimbo moja.

Nimewahi kusikia watu wakieleza michezo ya namna hii kwa majina makubwa. Bwana Isko aliuita eskrima, alifundishwa na mjomba wake katika mashamba ya miwa, na alitufundisha sisi kwa sababu alikuwa mpweke. Hiyo ndiyo sababu yote. Hakukuwa na siri wala kiapo. Fimbo zilipasuka, tulijaribu mianzi, ikavunjika, tukajaribu mti huu na ule, mwishowe tukakata matawi ya mpera, tukayababua kwenye moto hadi gome likatoka na mti ukawa mgumu. Tulijifunza mapigo kwa namba. Moja lilitoka juu kulia kuja shingoni, mbili juu kushoto, na kuendelea, na mtu alitaja namba mwenzake akapokea. Alitukataza kupiga kwa huruma. "Ukimpa rafiki pigo la uongo," alisema, "unamfundisha uongo." Kwa hiyo tulipigana kweli, vifundo vya vidole vikavimba, na usiku Gaudensi aliniloweka mkono kwenye maji ya chumvi na mimi nikamloweka wake. Neno lingine alilolirudia sana ni hili: "Usipige mtu. Piga mkono. Mkono wenye panga ndiyo nyoka. Mkono ukiisha, vita imeisha." Wakati ule lilinifurahisha. Lilionekana neno la huruma.

Karani, baba Tumaini, hakufurahishwa. Tulilala chali, tukiangalia mchoro wa nyumba, tukamsikia sebuleni akimwambia mkewe kwa sauti ya ofisini, "Huyu Mchina anafundisha vijana vita. Vita ni kazi ya mgambo. Kuna kibali? Hakuna kibali." Mama Tumaini akauliza kama atakula mayai au ayaache kwa kesho. "Nakueleza jambo la usalama unanieleza mayai." "Wale watoto wanagonga vijiti, baba Tumaini. Hata wakivamia, watavamia nini hapa?" Gaudensi alijiziba mdomo kwa blanketi, kitanda kikatikisika kwa kicheko. Lakini mimi niliogopa. Niliamini mwaka ule ungeharibika kwa njia hiyo: barua itatoka wilayani, Bwana Isko atarudishwa kwao, nasi tutaitwa kuhojiwa. Nilimwogopa hata balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye alikuja siku moja kukagua, akakaa juu ya gogo, akatutazama hadi mwisho, akasema, "Ngoma nzuri, ila haina wimbo," akaenda zake. Nilitumia hofu yangu yote mahali pasipokuwa na hatari. Ilipokuja siku ya hatari sikuwa na hata chembe.

Sasa nifike kwenye kunyang'anya. Ulipita msimu wa mvua tukijifunza kupiga na kukinga, kisha Bwana Isko akatuonyesha jinsi ya kumtoa mtu silaha mkononi. Pigo linakuja, hulikimbii, unaliingilia. Mkono wako wa kushoto unakamata kifundo chake, fimbo yako inapita juu ya yake kama nyoka anavyopanda tawi, unasokota, na fimbo yake inakuwa kwako kabla hajajua. Gaudensi alilishika jambo hili siku ileile. Nilimpa namba moja kwa nguvu zangu zote, nikaona kiganja changu kitupu. Kwao Bwana Isko, tulivyokuja kuelezwa, ukimnyang'anya mtu fimbo unaitupa vumbini na wote wanamcheka. Gaudensi hakuitupa. Aliigeuza, mpini ukanielekea, akakunja magoti kidogo, akanirudishia kwa mikono miwili. Hakufikiri. Kilikuwa kitu cha mtu, na kitu cha mtu hurudishwa hivyo. Bwana Isko akasogea karibu. Alikuwa ametueleza mara nyingi kuwa shikamoo yetu humkumbusha kwao, ambako kijana huchukua mkono wa mzee akaugusisha kwenye paji la uso wake. Sasa aliona tena kitu cha kwao, kwa watu wasiokujua huko. Akasema, "Rudia." Gaudensi akarudia. Akasema, "Tangu leo kila mtu hivyo. Nyang'anya, geuza, rudisha. Bila kurudisha, haijaisha."

Basi ikawa hivyo. Kila alasiri, baada ya kufagia maranda, nyang'anya, geuza, rudisha. Ukichelewa kurudisha, unaambiwa uanze upya. Baadaye akakata mapanga chakavu, akayaondoa makali kwa tupa, tukaanza kutumia hayo badala ya fimbo: nyang'anya, geuza kwa bapa, rudisha mpini mbele, goti, mikono miwili. Ilikuwa nzuri kutazama. Watawa waliokuwa wakipita kwenda bustanini walisimama. Nitasema wazi kwamba sikuwahi kuwa na furaha kama ile, si kabla na si baada, na miaka yote hii sijajua niifanyeje furaha hiyo. Nikiikumbuka nacheka, na nikicheka naona aibu. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Ni kweli, wa kwangu haujazeeka. Hata leo ukinijia na kijiko vibaya, mkono wangu utakinyang'anya na kukurudishia kabla sijajua.

Ulezi ulipoiva Gaudensi aliomba ruhusa akamsaidie mama yake kuvuna. Asubuhi ya kuondoka ilikuwa na baridi ile ya uwandani inayouma masikio. Mama Tumaini alimfungashia viazi vya kuchemsha. Aliacha fimbo zake chini ya kitanda, akaniambia nisizitumie kwa kuwa mimi huzikata ncha, nami nikamwambia aende salama na asile ulezi wote. Ndivyo tulivyoagana, kwa utani, mdomo umejaa kiazi.

Lori la mahindi ndilo lililomrudisha. Nilikuwa napika gundi ya mifupa karakanani mtu akaja mbio kusema Gaudensi yupo hospitali, amekatwa. Nilimkuta mama yake barazani, amekaa chini, kanga yake imekaukiwa na damu ikawa ngumu kama gamba. Hakuwa analia. Alikuwa akimweleza muuguzi, na muuguzi alipoingia ndani aliendelea kueleza, na nilipokaa karibu yake aliendelea vilevile, kwa hiyo nilisikia katikati na mwisho, kisha mwanzo.

Shamba alilogawiwa mama huyo na kamati ya kijiji kipya lilikuwa la ukoo wa mzee mmoja, Longino, kabla ya watu kuhamishwa. Longino naye alipewa kwingine, penye mawe. Alikwisha kusema mkutanoni kuwa ulezi huo hautaingia ghalani mwa mtu, watu wakaona ni maneno ya pombe. "Nilikuwa nimeinama nakata masuke," mama alisema. "Nikaona miguu. Nikainua macho, panga liko juu yangu. Mwanangu akaingia katikati. Akamwamkia. Alimwambia, 'Shikamoo baba.' Longino akashusha panga kumpiga, na mwanangu hakurudi nyuma. Sikuona alivyofanya. Niliona tu panga liko kwa mwanangu, na Longino anatazama kiganja chake. Nikasema asante Mungu. Nikafikiri atalitupa kichakani, au atakimbia nalo. Akaligeuza. Akashika bapa. Akakunja goti." Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza. "Akampa. Kwa mikono miwili, kama nilivyomfundisha mimi."

Nikamwuliza, "Longino akalipokea?"

"Akalipokea. Akakaa nalo. Nadhani hata yeye hakujua afanyeje. Mwanangu bado amenyoosha mikono, kama anayesubiri kuambiwa asante. Ndipo akapiga."

Pigo moja. Mkono wa kulia uliondoka juu kidogo ya kifundo. Kwenye wa kushoto viliondoka vidole viwili. Mama hakuelewa, na alirudia swali lake kwa kila aliyepita barazani: kwa nini alimpa? Wauguzi walimwambia ni hofu, hofu hupumbaza mtu. Mimi nilijua si hofu. Kwa mikono yake ilikuwa alasiri, maranda yamefagiwa, na bila kurudisha haijaisha.

Nilirudi karakanani kumwambia Bwana Isko. Alinisikiliza amesimama, ameshika patasi. Nilipofika pale pa kurudisha akanikatiza, "Alirudisha namna gani?" Nikamwonyesha kwa mikono mitupu: geuza, bapa, goti. Akakaa juu ya benchi. Akasema, "Mimi nilipenda. Mjomba wangu alitupa chini. Mimi nilipenda hii." Kisha akazikusanya fimbo zote, hata zake mbili alizokuja nazo kutoka kwao, akazitia moja moja kwenye jiko tulilokuwa tunachemshia gundi. Zilikuwa kavu, ziliwaka vizuri. Gundi ikaungua na karakana ikanuka mifupa.

Tulikwenda wote wawili wodini Gaudensi alipoanza kusema. Alikuwa amelala chali, mikono yote miwili juu ya blanketi imefungwa bandeji, mmoja mfupi. Bwana Isko alipiga magoti kando ya kitanda mbele ya wagonjwa wote. Gaudensi akamtazama kama alivyomtazama kila alasiri baada ya zoezi, akauliza, "Bwana Isko, nilimnyang'anya sawasawa?"

Nilitaka amjibu chochote kingine. Nilitaka aseme ulikosea, tulikosea, nilikufundisha vibaya. Lakini mtu yule hakujua kusema uongo kwa mwanafunzi wake.

"Sawasawa kabisa," akasema.

Gaudensi akafumba macho. Sikuwahi kumwona tena akiwa na uso ule, wa mtu aliyefaulu.

Yaliyobaki ni ya kawaida, na ndiyo yaliyonimaliza. Longino alifungwa. Ulezi ulikaa shambani hadi ndege wakaumaliza. Bwana Isko aliondoka mwaka ulipoisha, kwa hiari yake, hakuna barua yoyote iliyotoka wilayani. Karani, baba Tumaini, ndiye aliyemtafutia nafasi kwenye gari hadi Tunduma na alimpa mkono wa kwaheri. Nafasi ya chuo ikaja kwangu. Niliikubali kwa kuwa misheni ilisema isipochukuliwa itapotea, na Gaudensi mwenyewe aliniambia, "Nenda, usiwe mjinga." Nimetengeneza milango mingi maishani, mingine ya ofisi kubwa. Sijawahi kuchonga ua. Mchoro wa nyumba niliuacha ukutani kwa Mama Tumaini, kwa maana sikujua ni wa nani tena.

Siku ya msiba Yustina aliniita chumbani, akanisogezea kigoda. Wanawake walikuwa wanamenya viazi sebuleni, wanazungumzia bei ya mbolea, na kwa sauti zao nilijikuta nasubiri mmojawao ataje mayai. Yustina aliniambia kitu ambacho nilikuwa nimekiona miaka yote bila kukielewa. "Mume wangu hakuwahi kunipa kitu mkononi," alisema. "Chumvi aliweka mezani. Mshahara aliweka kitandani. Patrisi alipozaliwa, nikimpa mtoto alimpokea, lakini kunirudishia, hapana; alimlaza kwanza, ndipo mimi nimchukue. Watu walisema anaringa." Nikamwambia kwamba mkono wa kushoto peke yake si heshima kumpa mtu. Akatikisa kichwa. "Na mimi nilidhani hivyo. Mwaka jana, homa ilipompanda, nikamwuliza. Akasema, 'Yustina, ningekuwa sijafunzwa ningekimbia. Ningemshika mama mkono tukakimbia. Yule mzee alikuwa amelewa, asingetufikia.'" Akapanga upindo wa kanga yake juu ya goti. "Ni kweli, shemeji? Angeweza kukimbia?"

Nikasema ni kweli. Alikuwa na mbio kuliko sisi sote.

Makaburini upepo ulikuwa mkali. Padri alimaliza, jeneza likashushwa, wanaume tukaanza kufukia. Kwetu kaburini koleo halipokezwi mkono kwa mkono. Ukichoka unalitupa chini, na anayefuata analiokota mwenyewe, kwa sababu msiba haupewi mtu. Nimezika wengi, nimelitupa na kuliokota maisha yangu yote, na kamwe sikulifikiria. Siku hiyo nilisimama nikawatazama vijana wakitupa na kuokota, kila mmoja, bila kujifunza popote, mikono yao inajua. Jambo lenyewe ni jepesi kiasi hicho. Longino amesimama kiganja kitupu, ulezi pande zote, na panga lianguke tu.

Ikafika zamu yangu. Nilifukia hadi pumzi zikanikatika. Nilipoinua kichwa, Patrisi alikuwa amesimama mbele yangu. Amekulia Dar es Salaam, haya mambo yetu hayajui. Amevaa shati jeupe, amenyoosha mikono yote miwili anipokee, na mikono ile ni ya baba yake, vidole virefu, kucha pana. Mikono yangu ikafanya kazi yake. Ikaligeuza koleo, mpini ukamwelekea. Goti langu bovu likakunjika. Nilisikia mzee mmoja nyuma yangu akisema kwa upole, "Litupe chini, Sirilo."

Nilibaki nimelishika. Patrisi alikuwa bado amenyoosha mikono, ananisubiri, na nilipoitazama sikuweza kuona kitu kingine. Kisha nikafumbua vidole, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemfumbua mwingine mkono, na koleo likaanguka juu ya udongo wa baba yake. Kijana akanitazama akidhani nimemkasirikia. Halafu akainama, akaliokota.